Mume amenilipia safari ya Prague katikati ya baridi: niende au nikatae?

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Pangani na sasa naishi Dresden, Ujerumani, nilikomfuata mume wangu mwaka jana. Yeye yuko hapa mwaka wa tisa. Kila kitu anakijua yeye: lugha, benki, barua za ofisini. Tunatimiza miaka mitano ya ndoa, naye amekata tiketi za treni na kulipia hoteli mjini Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, siku nne, katikati ya Januari, bila kuniuliza. Yeye mwenyewe hajawahi kufika huko. Mwezi uliopita alinipeleka Berlin kwa siku moja. Akawa anatangulia na simu mkononi, mimi nyuma natetemeka, tukarudi hatusemezani. Isitoshe, paa la nyumba ya mama linavuja, na nilipomwomba tutume fedha aliniambia tusubiri, kumbe za hoteli zipo. Nikikataa ataniona sina shukrani; nikienda naogopa yatakuwa yale yale ya Berlin. Nifanye nini?" – Anayetetemeka, Dresden.

Marahaba, mwanangu. Umeyafunga mambo matatu katika kitita kimoja, yaani baridi, paa la mama na mume anayeamua peke yake, na ukiyajibu yote kwa neno moja la "siendi" hutakuwa umetatua hata moja. Fedha za tiketi za bei nafuu na za vyumba vilivyolipiwa mapema aghalabu hazirudishwi, kwa hiyo kukataa kwako hakutaiezeka nyumba ya Pangani. Ushauri wangu ni kwamba uende, ila usiende kama ulivyokwenda Berlin.

Sababu yangu ni hii. Hapo Dresden mumeo ni mwenyeji na wewe bado u mgeni wake. Miaka yake mingi katika nchi hiyo imemzoesha kutangulia, na mwaka wako mmoja umekuzoesha kufuata, hata bila yeyote kati yenu kukusudia hivyo. Ndiyo maana hata zawadi ya ndoa, ambayo ni ya watu wawili, ameinunua kama mtu anayejaza fomu kwa niaba ya mwingine. Hapo amekosea, na nakuruhusu umwambie kwamba Shangazi amesema hivyo. Lakini Prague hakuna mwenyeji kati yenu. Kicheki hamkijui nyote wawili, fedha ya huko ni koruna wala si yuro, na njia za tramu atazitafuta kwenye ramani kama utakavyozitafuta wewe. Tangu ufike Ulaya, pengine hii ndiyo mara ya kwanza mtakaposimama mahali mkiwa sawa, na nafasi hiyo kwangu ina thamani kuliko hoteli yenyewe.

Kwa hiyo mwombe jambo moja lililo wazi: kati ya siku nne, mbili uziongoze wewe. Usiseme "hunijali", maana neno hilo litamfanya ajitetee na mazungumzo yataishia hapo. Mwambie, "Nimefurahi umeikumbuka siku yetu, ila Berlin nilichoka na nikajisikia kama mzigo. Safari hii nataka siku mbili nishike ramani mimi, na wewe unifuate." Kisha nyamaza umsikilize. Mwanamume aliyejitahidi kukupangia safari, hata kama amekosea namna ya kupanga, kwa kawaida hukubali ombi la namna hiyo akielezwa kabla ya safari. Barabarani, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Ili uongoze vizuri, uijue kwanza siku ya Januari ilivyo katika mji ule. Jua huchomoza karibu na saa mbili asubuhi na huzama muda si mrefu baada ya saa kumi jioni, na joto huchezea sifuri, juu yake kidogo mchana na chini yake usiku. Upungufu huo una faida. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357 chini ya Mfalme Charles wa Nne, na ambalo majira ya kiangazi huwezi kulivuka bila kusukumana na watu, utaliona likipambazukiwa hali umeshaswali alfajiri na kunywa chai yako bila haraka. Soko la Krismasi katika Uwanja wa Mji Mkongwe huendelea hadi karibu na tarehe 6 Januari. Mkifika katikati ya mwezi umati utakuwa umepungua sana. Saa ya kifalaki iliyo ukutani hapo, ya mwaka 1410, huonyesha sanamu za mitume wa Yesu kwenye madirisha yake kila saa inapogonga, nayo huchukua muda mfupi hivi kwamba watazamaji wengi hugeuka kuulizana kama ndiyo hiyo tu. Simameni mara moja, inatosha.

Kosa la Berlin lilikuwa kutembea kutwa nzima kama watu walio Tanga mwezi wa Agosti. Katika baridi, mtu hutoka nje kwa saa moja na nusu au mbili, kisha huingia ndani mpaka mwili urudi. Panga basi jambo moja la nje asubuhi, jambo moja la ndani baada yake, na mapumziko hotelini kabla ya jioni. Jambo hili linakuhusu zaidi ya wengine, kwa sababu katika siku fupi namna hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana ndani ya muda wa saa nne tu, na mwenye kuswali akiwa mbali na chumba chake atahangaika mchana kutwa. Tazama leo hii hoteli iko wapi. Ikiwa ni pembezoni mwa mji, muulize kama chumba kinaweza kubadilishwa kwa kingine kilicho karibu na katikati, hata kiwe kidogo.

Siku moja kati ya zako itoe kwa Kasri la Prague. Tramu namba 22 itawapandisha mlimani bila kuhangaika na ngazi zenye barafu. Viwanja vya kasri ni bure, na ndani ya majengo mnaingia kwa tiketi. Wakati wa baridi milango hufungwa saa kumi jioni, kwa hiyo fikeni mapema. Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus lilianza kujengwa mwaka 1344 na likakamilika mwaka 1929, na vioo vyake vya rangi vinastahili kutazamwa taratibu mwanga wa asubuhi unapovipita. Katika Jumba la Kale la Kifalme mtaona chumba ambamo mwaka 1618 mabwana waliokasirika waliwarusha dirishani magavana wawili wa mfalme pamoja na katibu wao. Wote watatu walipona, lakini vita vilivyofuata vilidumu miaka thelathini. Mkianza kubishana, ondokeni kwanza katika chumba hicho. Mchana shukeni mkakae katika mkahawa mkongwe kama Café Louvre, uliofunguliwa mwaka 1902, ambako mtu anaweza kukaa na kikombe kimoja bila kufukuzwa. Mazungumzo ambayo hamkuyapata Berlin yatafute hapo. Kuhusu chakula, nyama ya nguruwe ni ya kila siku huko, hivyo ulizeni kabla ya kuagiza, hata supu.

Mavazi usimwachie akununulie. Viatu ndivyo vya kwanza: viwe na soli nene ya mpira yenye meno, kwa sababu mawe ya barabara za mji mkongwe huteleza, na viwe na nafasi ya soksi za sufu. Nguo nyembamba mbili au tatu zilizopandana huhifadhi joto kuliko koti zito lililovaliwa juu ya blauzi, na ushungi wa sufu utakufaa kuliko kofia. Pasipoti na kadi yako ya ukaazi zibebe wewe mwenyewe katika mkoba wako, kwa maana polisi wanaweza kupita ndani ya treni karibu na mpaka, na mtu mzima hufaa kujibu kwa hati aliyoishika mwenyewe. Mkilipa kwa kadi na mashine ikawauliza koruna au yuro, chagueni koruna, kwa sababu ukichagua yuro kiwango cha kubadilisha huwa kibaya. Na ndani ya treni kaeni upande wa kushoto, ndiko uliko mto Elbe.

Sasa paa la mama. Hili usilichanganye na safari, wala usilibebe mpaka darajani ulitamke hapo kwa hasira. Lizungumzeni nyumbani wiki hii, mkiwa na kalamu na karatasi, baada ya kupata kwa fundi wa Pangani gharama ya mabati, mbao na kazi yenyewe. "Tusubiri" si jibu mpaka liwe na tarehe, na una haki ya kuidai tarehe hiyo. Inawezekana ana fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya siku yenu tu, na inawezekana hakujua hali ya paa ilivyo mbaya, kwa sababu kwenye barua yako sioni mahali ulipomtajia kiasi. Mtajie. Mvua za masika kwa kawaida huanza Machi, hivyo mafundi wanahitaji fedha kabla ya hapo. Kama haziwezi kutoka zote, zitoke za mabati ya chumba anacholala mama.

Ukishamweleza mambo hayo mawili, la siku zako mbili na la tarehe ya paa, naye akakataa yote bila sababu, niandikie kabla ya kupanda treni. Hapo shida itakuwa nyingine, na jibu langu litakuwa jingine.