Cheti cha tenda hakinunuliwi

SWALI: Asalaam aleikum, Bi Mkubwa. Mimi na mume wangu twashona sare za shule hapa Kisauni, Mombasa. Kijana mmoja ataka shilingi 5,000 atutolee cheti cha AGPO, kile cha kupata tenda za serikali walizotengewa akina mama. Nimpe? – Fundi, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Usimpe hata ndururu! Cheti ni bure, na waomba mwenyewe mtandaoni. Sheria ya ununuzi ya 2015 imewatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya tenda za serikali, za kaunti zikiwemo.

Kizingiti chako ni bwana. Ukiomba kama biashara ya wanawake, umiliki wao usipungue asilimia 70, na uongozi wote uwe wao. Yeye abaki na hisa 30 kwa mia, ukurugenzi akuachie. (Hilo mlizungumze akisha kula.)

Unapoomba tenda, dhamana ya benki hudaiwi. Wajaza fomu ya tamko tu. Ila malipo huchelewa, wakati mwingine miezi. Usikope vitambaa vya Biashara Street vyote kwa tenda moja.