Jibu: Moto wa oveni unazimika nikiachia kitufe
Habari za jioni, dada yangu wa Ilemela. Umeeleza kwamba oveni inawaka vizuri ukiwa umebonyeza kitufe, lakini ukikiachia tu moto unazimika, ilhali plati za juu hazina shida. Kwa kuwa plati zinawaka, mtungi na regulata viache kwanza, uanze na themokapo, yaani kile kijiti chembamba kinachosimama kando ya moto na kuungana na valvu kwa kamrija ka shaba. Kijiti hicho kikipata joto huzalisha umeme mdogo sana unaoishikilia valvu ibaki wazi. Kisipopata joto la kutosha, valvu hukata gesi.

Funga mtungi, subiri jiko lipoe, kisha kitazame kwa tochi. Changu, hapa Nyegezi, kilikuwa kimeganda masizi ya mafuta ya sato, nacho kiliposuguliwa kwa msasa laini kilifanya kazi miezi mitatu kabla sijakibadilisha. Hakikisha pia kwamba ncha yake inaguswa na moto wenyewe, maana ikisogea kidogo tu tatizo ni lile lile.

Ukienda kununua kipya, beba cha zamani mkononi, kwa sababu urefu na nati havifanani. Nati ikaze kwa vidole, halafu robo mzunguko tu kwa spana. Mwishoni paka povu la sabuni kwenye kila kiungio ulichogusa uone kama gesi inavuja, na nakuomba sana usipime kwa kiberiti, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Valvu yenyewe mimi siifungui. Ikifikia hapo, namwita fundi.