Nyuso zimetoka nyeusi kwenye filamu: nirudi kwenye dijitali?

SWALI: Nimezoea kupiga picha za watu kwa kamera ya dijitali. Mjomba amenipa Pentax K1000 yake yenye lenzi ya milimita 50, nikapiga mkanda mmoja wa rangi wa ISO 400 nyumbani kwa bibi, yeye na majirani zake wakiwa wamekaa barazani. Nyuso nyingi zimetoka nyeusi, chembechembe zimejaa. Lakini picha mbili za bibi zina uhai ambao sijawahi kuupata kwenye dijitali. Niendelee, au nimeshikwa tu na mapenzi ya vitu vya kale? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Endelea, dada. Ila mkanda wako umechanganya mambo mawili: tabia ya filamu yenyewe, na upungufu wa mwanga. Giza kwenye nyuso ni upungufu wa mwanga, nao unatibika kwenye mkanda unaofuata.

Kipima mwanga cha K1000 hukusanya mwanga wa karibu fremu nzima na kukupa wastani wake. Hakijui uso uko wapi. Kama nyuma ya bibi palikuwa na ukuta mweupe au uwanja wenye jua, sindano ilidanganyika, nawe ukabana tundu la lenzi kuifuata. Aliyekaa kivulini akaambulia kidogo. Chembechembe nazo zimetokea hapohapo: negativu (filamu iliyokwisha safishwa, yenye picha iliyogeuzwa) ikikosa mwanga huwa hafifu, skana inalazimika kuing'arisha kwa nguvu, na kila chembe inajitokeza. Kwenye dijitali umezoea kuchunga weupe usiungue. Negativu inataka kinyume chake. Weupe inauvumilia sana, lakini kivuli kisichopata mwanga hakirudi tena, hata kwa fundi hodari.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga, sogea mpaka uso wa bibi ujaze kidirisha cha kutazamia, pima hapo, kisha rudi nyuma ulipotaka kusimama na usiguse mipangilio hata sindano ikikulalamikia. Ngozi nyeusi ikipimwa hivi kipimo huelekea kuipa mwanga wa ziada, takriban stopu moja (yaani mara mbili ya mwanga), na hiyo ziada ndiyo tunayoitaka. Ukiona haya kumsogelea mtu mzima kiasi hicho, weka ISO ya kamera (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga) kwenye 200 badala ya 400 na upime kawaida, ukikwepa mbingu na kuta zinazong'aa. Chagua njia moja kati ya hizo.

Tatizo hili lina historia inayoniudhi mpaka leo. Kwa miongo kadhaa maabara za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Kilio cha watu weusi hakikubadilisha mengi. Miongoni mwa waliosikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hudhurungi za bidhaa zao hazikuwa zikitofautiana pichani. Filamu za rangi za leo kama Portra 400 ya Kodak ni nzuri mno kwa ngozi zetu, mradi usizinyime mwanga.

Sasa zile picha mbili. Mimi huchagua filamu kwa picha za watu kwa sababu ya kile kinachotokea kati yangu na mtu aliyekaa mbele yangu. Mkanda una picha 36 na kila moja ina gharama, kwa hiyo nazungumza naye, nangoja, napiga moja. Kamera haina skrini nyuma ya kuchungulia picha. Naye haombi aone, hasemi "futa hiyo", na baada ya dakika chache anaacha kuupanga uso wake. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, mara nyingi alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu ya gharama, kwa mwanga wa jua uani kwake. Muda wake aliutumia kabla ya kubonyeza: vazi likae vipi, mkono utulie wapi. Tazama picha zake uone jinsi watu wale walivyotulia.

Baada ya hapo kasoro ndogo sizihangaikii. Mkono uliotikisika kidogo, ukungu kwenye sikio, chembe zinazoonekana shavuni, naziacha. Chembe ndizo picha yenyewe, kwa sababu uso umejengwa nazo. Programu ya simu inazinyunyiza juu ya picha iliyokwisha kamilika, na jicho linahisi. Nisichokisamehe ni jicho kukosa ukali. Ukiwa mita moja kutoka kwa bibi na tundu la lenzi liko wazi kwa f/2, kina cha ukali (eneo linaloonekana kali mbele na nyuma) ni kama sentimita 5 tu, akiinama kidogo umempoteza. Bana tundu hadi f/4, lenga jicho lililo karibu nawe, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/60 ya sekunde.

Picha za pasipoti, harusi uliyolipwa na watoto wasiotulia, piga kwa dijitali bila kusita.

Ukitaka kujaribu nyeusi na nyeupe, filamu ya HP5 Plus unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani. Kwenye dawa ya kusafishia ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inachukua dakika 13 kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Maji ya bomba huko Tanga yana joto zaidi ya hapo, basi weka chupa za dawa kwenye beseni la maji ya barafu, na maji ya kusuuzia yawe karibu na joto hilohilo, maana mabadiliko ya ghafla huweza kuharibu utando wa filamu. Mikanda ambayo hujaitumia ihifadhi kwenye friji, uitoe saa chache kabla ya kuifungua isije ikashika unyevu.

Na studio wanapokusafishia, mwombe fundi akurudishie negativu zako zote, pamoja na zile za nyuso nyeusi. Zile mbili nzuri ziskaniwe upya bila ile programu inayong'arisha picha yenyewe kwa yenyewe.