Muulize Shangazi: Gunia la chaja, noti za nyanya na godoro lililokwama mlangoni

Barua za safari hii karibu zote ni za usafi wa Idi, watu wametoa vitu vya ndani mpaka vimewatoa wao. Nimechagua tatu.

Shangazi asalaam aleikum. Mimi mama wa watoto watatu niko Likoni. Jumapili nimeamka na nia, nikajaza gunia zima vitu vya mume wangu, chaja kumi na moja za simu ambazo hatunazo tena, rimoti nne na TV ni moja, feni haina panga, na redio ilonyamaza tangu kifungua mimba wangu hajazaliwa. Nikaliweka nje nikimsubiri kijana wa mkokoteni wa skrepu. Baba watoto katoka msikitini adhuhuri kalikuta, hakuingia hata ndani, kakaa pale pale chini akawa atoa kimoja kimoja aeleza hiki cha nini, majirani wakajaa, huyu kaomba waya huyu kaomba plagi, mimi moyoni nasema alhamdulillahi gunia lapungua. Kumbe mmoja kenda kwake kuleta pasi iliyokufa atengenezewe, na mwengine kaleta blenda! Magharibi gunia limerudi ndani, pasi na blenda juu yake. Nifanyeje?

Waaleikum salaam mwanangu. Nimecheka mpaka machozi, hiyo blenda ndo imenimaliza. Lakini kitu cha mtu hakitolewi nyumbani mwenyewe hayuko, na yule majirani wanamuona fundi, kwa hiyo ulipolitoa lile gunia ni kama umefunga karakana ya mtu. Mpe Jumamosi moja iwe yake, kila kitu kichomekwe kwa stima mbele yako. Kinachowaka kinabaki, kisichowaka ana muda mpaka kumi la mwisho la Ramadhani akitengeneze, baada ya hapo ni mkokoteni. Skrepu inapimwa kwa kilo na shaba iliyo ndani ya nyaya ina bei kuliko chuma, pesa hiyo ikanunue halwa ya Idi. Ila tafadhali sana watoto wasichome nyaya kutafuta shaba, ule moshi wa plastiki ni sumu, na betri ya simu iliyofura isitobolewe wala isisogezwe karibu na moto.

Halafu mwanangu, barua ndefu hivi kabati lako mbona sijaliona? Makopo ya aiskrimu yasiyo na vifuniko, lile kopo la biskuti lenye nyuzi na sindano ambalo kila mtoto akilifungua anataka kulia, na sahani za wageni za tangu harusi ambazo mgeni wa kuzilia hajafika mpaka leo. Toa gunia lako na wewe Jumamosi hiyo hiyo muyaweke sambamba, utaona atakavyolegea.

Shangazi shikamoo, sisi ni wajukuu wa Kisauni. Tulipomgeuzia nyanya godoro tukakuta kitambaa kimepigwa mafundo matano, ndani noti tisa za elfu moja za zamani na sita za mia tano, za zamani pia. Tukamwambia za elfu hazifai tena, akasema pesa si maziwa ati zichache. Tukamuonyesha noti mpya, kaigeuza huku na huku akauliza Mzee Jomo Kenyatta yuko wapi, hii mumepewa bandia! Saa hii amezifunga tena na kuzilalia.

Marahaba wanangu. Nyanya hajakosea kuuliza, yani hilo ndo swali lenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, ndo maana noti zilizotoka Juni 2019 zina jengo la KICC, lile la mikutano kule Nairobi. Lakini mvalisheni miwani yake mumuonyeshe vizuri kando ya jengo, Mzee yuko pale ameketi! Ni sanamu yake, na kesi ilifika mpaka mahakamani kwa ajili ya sanamu hiyo hiyo. Akishamuona Mzee moyo utatulia.

Za elfu ndizo zinazouma, mwisho wake ulikuwa Septemba 30, 2019. Ila za mia tano hazikuondolewa, hizo elfu tatu ni pesa halali hadi leo, basi mpelekeni benki azitoe kwa mkono wake mwenyewe aone zinapokelewa. Na zile elfu tisa, changeni wajukuu mumrudishie kidogo kidogo, manake mtu wa umri wake akifunga mafundo matano huenda alikuwa anawawekea nyinyi za Idi.

Shangazi kwetu Majengo kila tukianika magodoro ya sufi kabla ya Idi mvua inashuka, mwaka 2024 tulikimbia nalo watu sita likakwama mlangoni, watatu ndani watatu nje wakilowa, na mjomba alikuwa chooni akashindwa kutoka. Kwani tuna mkosi?

Hamna mkosi wowote, ni kalenda tu. Idi ya 2024 ilikuwa Aprili 10, masika yenyewe hiyo! Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi inazidi kurudi nyuma, na ile ya 2028 inatarajiwa mwishoni mwa Februari, jua la kaskazi litawatosha mpaka mchoke. Kwa sasa anikeni mapema mwezi wa Shaaban, msingoje siku za mwisho, sufi ikilowa haikauki kwa siku moja na ikikaa mbichi inanuka. Na mawingu yakianza kujikusanya likunjeni godoro katikati mulifunge kamba kule kule uani kabla halijafika mlangoni, halafu mmoja aulize kwanza mjomba yuko wapi.