Barua kwa mwanangu anayeomba kazi yake ya kwanza ya ualimu

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya maombi nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Uliniuliza: "Mama, niandike nini wakati sijawahi kuajiriwa popote? Tangazo linataka mwalimu wa Kemia na Biolojia mwenye uzoefu, na mimi nina mazoezi ya kufundisha ya chuo (BTP) tu." Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana simu yako ina tabia ya kukatika tukifika penye maana.

Nianze na aya yako ya kwanza. "Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye nidhamu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa kwa karibu." Miaka yote niliyokuwa mkuu wa shule, sentensi hiyo niliikuta karibu katika kila bahasha, mpaka jicho likazoea kuiruka. Si uongo, ila haimwambii msomaji chochote kukuhusu wewe. Tena hilo la kutosimamiwa ungeliondoa kabisa. Mwalimu mgeni anasimamiwa, na mkuu anayejua kazi yake atakaa nyuma ya darasa lako wiki ya pili akiwa na daftari.

Hebu mfikirie huyo atakayeisoma. Shule binafsi nyingi hutafuta walimu kuanzia Oktoba hadi Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Mwalimu wake wa Kemia kapata ajira serikalini na kaondoka kwa taarifa fupi. Mwalimu wa taaluma anashindwa kufunga ratiba. Kidato cha Nne wana mtihani wa praktiko wa Baraza la Mitihani (NECTA) mbele yao, na wazazi wameshaanza kuuliza. Mezani kuna rundo la barua, na zote zinasema "mchapakazi". Anachotaka kujua ni kitu kimoja: nikimkabidhi huyu binti darasa Jumatatu, ndani ya darasa hilo kutatokea nini? Barua yako imejibu kila kitu isipokuwa hicho.

Na jibu unalo. BTP yako umeimaliza kwa mstari mmoja, jina la shule na tarehe, kisha ukakimbilia semina ya ujasiriamali uliyohudhuria chuoni, ambayo umeipa mistari mitano! Mimi nakumbuka ulivyonisimulia likizo ile. Sekondari ya kata, jengo la maabara lipo, kemikali hakuna. Mada ilikuwa asidi na besi. Ukaenda sokoni ukanunua choya, yale maua mekundu ambayo maji yake hugeuka rangi yakikutana na asidi au besi, ukaichemsha, ukabeba ndimu, siki, magadi na maji ya majivu kwenye chupa za maji zilizokatwa. Kwenye mkondo wa kwanza ulionyesha jaribio mwenyewe mbele, waliokaa madawati ya mbele wakaona rangi inageuka, wa nyuma wakaona mgongo wako. Mkondo wa pili ukawagawa vikundi. Ulirudi nyumbani siku hiyo unaongea bila kupumua, na mwalimu mwenyeji alikuomba andalio la somo abaki nalo. Sasa hayo yote yako wapi kwenye barua?

Yaandike hivi, au kwa namna yako, lakini yasizidi aya moja:

"Wakati wa BTP nilifundisha asidi na besi mikondo miwili ya Kidato cha Tatu, katika shule isiyokuwa na kemikali za kutosha. Badala ya litmasi nilitumia maji ya choya, na sampuli zikawa ndimu, siki, magadi na maji ya majivu. Mkondo wa kwanza nilifanya jaribio mwenyewe mbele ya darasa. Zoezi la mwisho wa kipindi likaonyesha kwamba waliokaa nyuma hawakuelewa. Mkondo wa pili niliwagawa katika vikundi, kila kikundi kikapima chenyewe na kujaza jedwali lake. Andalio la somo hilo nimeliambatisha."

Tazama aya hiyo inavyofanya kazi. Mkuu ameona kwamba unajua somo, kwamba ukosefu wa vifaa haukukufanya ufundishe kwa kusoma nukuu ubaoni, na kwamba unapima kama wanafunzi wameelewa kabla ya kuendelea. Hujajisifu popote. Najua utasita kuandika kwamba mkondo wa kwanza haukwenda vizuri. Iandike tu. Mwanachuo anayedai somo lake la kwanza lilikwenda sawasawa, mwalimu wa siku nyingi hamwamini. Na wale wanaoandika kwamba katika wiki chache za BTP "waliinua ufaulu wa shule", tulikuwa tunasomeana barua zao wakati wa chai.

Idadi ya wanafunzi katika kila mkondo itoe kwenye kumbukumbu zako za BTP, usikisie. Ukiitwa kwenye usaili, ndipo watakapokuuliza.

Andalio la somo utakaloambatisha liwe lilelile ulilotumia, limechapwa vizuri lakini lisirembwe upya. Sehemu ya tathmini ya mwalimu iwe imejazwa kwa ukweli. Wengi huandika "somo limeeleweka" wakafunga daftari. Ukurasa huo mmoja utazungumza kuliko cheti cha semina.

Barua yenyewe itakuwa kwa Kiingereza, kwa kuwa tangazo ni la Kiingereza na ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Ila iwaze kwanza kwa Kiswahili, kama ulivyonisimulia mimi, halafu ndipo uihamishe. Ukianzia kwenye Kiingereza cha vielelezo vya mtandaoni, utarudi kulekule kwa mchapakazi.

Kabla hujaandika, itafute shule hiyo. NECTA huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, hata ufaulu wa somo mojamoja utauona. Angalia Kemia yao ikoje. Usije ukawaandikia kwamba umeona wanafeli! Lakini kama Biolojia wako vizuri na Kemia wanayumba, utajua aya ya maabara uiweke juu. Kama ni shule ya bweni, sema uko tayari kukaa shuleni na kushika zamu za jioni, ikiwa kweli uko tayari. Netiboli uliyocheza chuoni iingie hapo, kwa mstari mmoja. Tena mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, kwa hiyo pakua muhtasari mpya wa Kemia uusome kweli, ndipo uandike kwamba umeusoma.

Wadhamini: mhadhiri mmoja anatosha. Wa pili awe yule mwalimu mwenyeji aliyekaa nyuma ya darasa lako. Mjomba wako ni mtu mkubwa wilayani, najua, lakini hajawahi kukuona ukifundisha, na mkuu wa shule atapiga simu kuuliza hilo hasa. Mpigie mwalimu kwanza umwombe ruhusa, umtumie na barua yako aisome, asije akashtukizwa akiwa kwenye daladala.

Umeuliza pia kuhusu serikalini. Omba huko, ila elewa kwamba ni kazi nyingine. Kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira barua yako haitakubeba sana. Kinachoangusha watu ni viambatisho. Barua isainiwe. Weka vyeti halisi vya Kidato cha Nne na cha Sita, maana hati za matokeo hazikubaliwi, wala "provisional" ya chuo, yaani matokeo ya muda. Majina yafanane kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha chuo. Lile jina lako la kati lililokosewa herufi kwenye cheti kimoja, lishughulikie kwa wakili mwezi huu, kabla nafasi hazijatangazwa. Na popote pale, binafsi au serikalini, ukiombwa pesa ya fomu au ya "kuharakisha", futa namba hiyo.

Mshahara usiutaje mpaka wakuulize. Tangazo hili limeuliza, basi tafuta mwalimu anayefundisha shule za eneo lile akwambie wanalipana vipi, uandike kiwango kimoja ukiongeza kwamba unaweza kuzungumza. Unapopiga hesabu, kumbuka Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, na NSSF hadi asilimia 10. Nyumba na chakula cha mchana shuleni ni pesa pia. Uliza kama wanapeleka michango NSSF kila mwezi, lakini uliza siku ya mkataba. Kwenye barua usiliguse.

Mengine ni madogo lakini mimi yalinichosha. Picha ya barua iliyopigwa kwa simu juu ya kitanda, shuka la maua linaonekana. Faili linaloitwa "barua mpya mwisho 3". Jina la shule nyingine kabisa kwenye aya ya mwisho. Tuma PDF moja yenye jina lako na somo lako, na hiyo anwani ya barua pepe uliyofungua ukiwa Kidato cha Pili, tafadhali, fungua nyingine.

Ukurasa mmoja, mwanangu. Kata semina, kata "kufanya kazi chini ya shinikizo", weka choya. Tangazo linafungwa Ijumaa, kwa hiyo nitumie Jumatano usiku niipitie. Na wakikuita kufundisha somo la majaribio, uliza kabla hujaenda: ni kidato gani, dakika ngapi, na maabara yao ina maji ya bomba au ubebe ya kwako.

Baba yako anakusalimu, anauliza kama laptopu ya kaka yako imeshafika kwa fundi.

Mama yako