Jimbo limeruhusu bangi, serikali kuu imekataza: je, nikafanye kazi dukani?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni Mtanzania, kwetu Tanga, naishi Columbus, Ohio, na huu ni mwaka wangu wa nne na kadi ya kijani. Jimbo letu limehalalisha bangi. Karibu na ninapokaa pana duka lenye leseni, na jamaa yangu amenitafutia kazi humo ya kufungasha na kupanga bidhaa. Mshahara unaushinda ule wa ghala ninakobeba mizigo. Anasema serikali imeruhusu, kodi inalipwa, na bangi haikutajwa ndani ya Qur'ani. Mke wangu amekataa katakata, anasema serikali ya Washington bado imeikataza, na mimi mwakani nataka kuomba uraia. Tena goti linanisumbua, na jamaa huyo huyo ananishauri nile pipi zao za bangi. Nimsikilize nani? Na kwenye fomu ya uraia nikiulizwa, nijibu vipi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Ndugu yangu, nianze na mkeo, maana yuko sahihi kuliko anavyojua mwenyewe.

Ohio ilipiga kura Novemba 2023, na tangu tarehe 7 Desemba mwaka ule mtu aliyetimiza miaka 21 hashtakiwi na jimbo kwa kuwa na bangi isiyozidi kiasi kilichowekwa. Agosti 2024 maduka yakaanza kumuuzia kila mtu mzima. Mpaka hapo jamaa yako hakudanganya. Ila Marekani mtu anaishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja, na hilo la pili amelinyamazia. Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 iliiweka bangi kundi la kwanza, lile la dawa zilizokatazwa kwa ukali kuliko zote, kundi moja na heroini. California ilipowaruhusu wagonjwa kuitumia, mwaka 1996, ugomvi ulifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 majaji sita kwa watatu wakaamua kwamba hata mgonjwa anayejilimia miche yake nyumbani kwa idhini ya jimbo, serikali kuu ina uwezo wa kumzuia. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishiwe kundi la tatu. Hata huko kundi la tatu ni dawa zinazodhibitiwa, na leseni ya jimbo haiwezi kuligeuza duka kuwa famasi.

Utaniuliza, mbona maduka yamejaa na wenyewe hawakamatwi? Wamefumbiwa macho. Mwaka 2013 wizara hiyo iliwaandikia waendesha mashtaka wake wasihangaike na majimbo yaliyojiwekea utaratibu mzuri, kisha Januari 2018 waraka ule ukafutwa. Wenye maduka wanalijua hilo kuliko mimi. Benki nyingi zimeogopa kupokea fedha zao, na kwa miaka mingi wametozwa kodi ya serikali kuu bila kuruhusiwa kutoa gharama za kawaida kama pango na mishahara, kwa kuwa sheria ile ya kodi inawahesabu wauza dawa za kulevya.

Aliyezaliwa Marekani huenda akaishi ndani ya mwanya huo mpaka akazeeka. Wewe je? Viza hukupewa na Ohio. Kadi yako ya kijani haikutolewa na gavana, wala uraia hutauomba kwake. Mambo hayo yote yako mikononi mwa serikali kuu, na idara yake ya uhamiaji ilitoa mwongozo Aprili 2019 ikasema wazi: kujihusisha na bangi, hata katika jimbo lililoiruhusu, hata kwa kuajiriwa tu, kunaweza kumfanya mwombaji aonekane hana mwenendo mwema unaotakiwa ili apewe uraia. Mwezi huo huo meya wa Denver alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani kulalamika, kwa sababu ya wahamiaji wawili wa Colorado waliokuwa wameajiriwa kihalali, kwa sheria ya jimbo lao, katika biashara hiyo, na maombi yao ya uraia yakakwama kwa kazi hiyo. Hawakuiba, hawakumpiga mtu. Walifanya kazi ambayo jirani yao raia anaifanya na kulala usingizi.

Hapa ndipo dini inapoingia. Mwenyezi Mungu anasema mwanzoni mwa Suratul Maida: enyi mlioamini, timizeni mikataba. Wanazuoni wetu wamesema tangu zamani kwamba Muislamu akiingia nchi ya watu kwa amana, yaani kwa ahadi ya usalama, masharti aliyoingia nayo yanamfunga maadamu hayamwamuru kumuasi Mola wake. Basi jiulize, mkataba wako uliufunga na nani? Mpangaji mwenzako akikwambia bomoa ukuta huu, mimi sina neno, huwezi kumjibu mwenye nyumba kwamba ulipewa ruhusa.

Tena zitazame hizo sheria mbili vizuri. Ya jimbo inasema ukitaka tumia, ukitaka uza. Ya serikali kuu inasema usifanye. Anayejiepusha hajaivunja hata moja. Kama jimbo lingekulazimisha kuuza, ningekaa nawe tukaitafuta njia. Halikukulazimisha.

Sasa hili la kutotajwa kwenye Qur'ani. Tangu nikiwa kijana huko pwani naisikia hoja hii, na sijawahi kuisikia kutoka kwa mtu asiyevuta! Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kila kilevi ni khamri na kila khamri ni haramu, na akasema kinacholevya kwa wingi, kichache chake nacho ni haramu. Bangi ilipoenea katika miji ya Waislamu wanazuoni hawakukaa kimya. Al-Qarafi, wa madhehebu ya Malik, aliona inaharibu akili kwa namna isiyo ya mvinyo. Wakabishana: je, ni najisi? Aliyeila apigwe hadi ya pombe, yaani adhabu iliyowekwa na sharia, au apewe taazira, adhabu anayoikadiria kadhi? Hayo ni mabishano ya adhabu na tahara. Juu ya kuila ili kulewa, Ibn Hajar al-Haytami, ambaye fatwa zake tunazitegemea sana sisi Mashafi wa Afrika Mashariki, aliihesabu katika madhambi makubwa.

Kwa hiyo hata Columbus na Washington wakipatana kesho asubuhi, hukumu ya duka haibadiliki. Mfano tunao nyumbani. Miraa inalimwa Meru na kuuzwa mchana kweupe, lakini ukivuka nayo Namanga kuingia Tanzania ni mhalifu. (Na usije ukaibeba kwenda nayo huko Ohio, kwa serikali kuu mirungi ni kesi vilevile.) Mpaka unabadilisha sheria ya polisi. Jani ni lile lile, na linachokifanya kichwani ni kile kile.

Kuhusu kufungasha na kupanga: Mtume amewalaani watu kumi katika khamri, akiwemo anayeibeba, anayebebewa na anayekula thamani yake. Mkono wako ukiifungasha, umo. Rizki ya ghalani ni ndogo lakini wanao wanaila bila shaka ndani yake.

Ama goti, hapo dini ni pana zaidi. Kwanza, jina la duka lisikuhadae. Wao huliita dispensari, nawe ukisikia unakumbuka zahanati na muuguzi mwenye daftari. Aliyeko kaunta ni muuzaji. Hata daktari wa jimbo kwenye bangi ya wagonjwa hutoa pendekezo tu, haandiki cheti cha dawa kama cha famasi, kwa ajili ya huo mgongano tuliousema. Zipo dawa zilizotokana na mmea huu ambazo serikali kuu yenyewe imezipitisha, kama Epidiolex iliyokubaliwa mwaka 2018 kwa aina fulani za kifafa kikali. Mgonjwa akiandikiwa na daktari dawa ya namna hiyo, sioni tatizo. Na wanazuoni wa madhehebu yetu waliruhusu kitu kikavu cha kupoteza fahamu kwa mtu anayekatwa kiungo kilichooza, kwa kuwa hapo pana dharura. Masharti ya dharura ni kukosekana dawa ya halali inayotosha, kauli ya tabibu mwaminifu, na kutozidisha kipimo. Goti lako hujalipeleka hata kwa daktari. Pipi ya jamaa haina sharti hata moja kati ya hayo.

Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kulima, kugawa au kuuza dawa zinazodhibitiwa, na kwenye usaili utaapishwa. Wewe kazi hujaianza, basi jibu lako ni jepesi. Hukuniambia kama pipi umeshaionja. Kama umeionja, tubu kwa Mola wako, wala usilitangaze kwenye kundi la WhatsApp la msikiti, kwani Muislamu ameamrishwa kujisitiri. Lakini kujisitiri ni jambo moja, na kusema uongo chini ya kiapo ni jambo jingine. Shahada ya uongo Mtume ameitaja pamoja na shirki na kuwaasi wazazi. Hivyo kabla ya kujaza chochote, kaa na wakili wa uhamiaji umweleze ukweli wote. Nakusisitiza wakili, usiende kwa mtu wa kujazia watu fomu. Kwa kawaida wanaangalia mwenendo wa miaka mitano iliyotangulia, na hakuna aliyekufaradhishia kuomba mwakani. Akikwambia subiri, subiri.

Jamaa yako mshukuru, alikusudia kukusaidia, ila kazi yake usiichukue. Na kama goti limeharibika kwa mizigo ya ghalani, Ohio ina mfuko wa fidia kwa walioumia kazini. Mwambie daktari lilianza lini na ukibeba nini, aandike. Hiyo ni haki yako, idai.

Wallahu aalam.