Maswali na majibu: Kochi umelifuta, faili bado limelibeba

Maswali ya wiki hii ni ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, na mengi yana mzizi mmoja: mchoro mpya kuanzishwa juu ya mchoro wa zamani.

Shikamoo mwalimu. Nachora ramani za nyumba hapa Kasulu. Nimefuta makochi, vitanda na magari, zimebaki kuta tu, lakini faili bado lina megabaiti 28 na barua pepe inalikataa. Kwa nini?

Marahaba. Kufuta kochi kwenye mchoro si kufuta bloku yake, yaani umbo lililotengenezwa tayari kuingizwa kama kitu kimoja. Ukiingiza bloku, umbo lake linawekwa ndani ya faili kama kwenye ghala, na unachokiona sebuleni ni nakala. Ukibonyeza Delete inaondoka nakala. Umbo linabaki ghalani, hata ukiilipua bloku iwe mistari mitupu kwa amri ya EXPLODE. Gari la kupakua mtandaoni, lililochorwa mpaka nati za magurudumu, linaweza kuwa na mistari mingi kuliko nyumba yako nzima.

Andika PURGE, amri ya kusafisha visivyotumika, weka tiki ya kusafisha na bloku zilizo ndani ya bloku nyingine, kisha safisha zote na uhifadhi. Bila tiki hiyo, ukiondoa seti ya sebule, mto wa kochi uliokuwa ndani yake unabaki, na utarudia amri mpaka orodha iwe tupu.

Ila niambie, faili hilo ulilianzaje? Najua: ulifungua ramani ya mteja wa mwaka jana, ukabadilisha jina la faili, ukafuta vya ndani. Acha tabia hiyo. Kijana mmoja aliniletea kwenye flashi ramani ya duka la Mwanga nimkagulie. Kwenye orodha ya bloku nikakuta fremu tatu za karatasi zisizoonekana popote kwenye mchoro. Moja ilikuwa na jina kamili la mwenye nyumba wa Ujiji, namba ya kiwanja chake na namba yake ya simu. Chini yake yamepangana majina yanayoanza na A$C, yale ambayo AutoCAD hujitungia yenyewe mtu anapobandika kitu kama bloku. Kila aliyepokea ramani ya duka alipokea na habari za yule bwana wa Ujiji, ambaye hakuzitoa kwa mtu mwingine ila fundi wake. Kwa hiyo msinifanyie kusafisha kuwa suala la bando peke yake.

PURGE haitanifutia kuta? (Gungu)

Haitafuta. Inaondoa kisichotumika. Ila tiki za mistari isiyo na urefu na maandishi matupu zinagusa vilivyomo kwenye mchoro wenyewe, kwa hiyo soma kabla ya kubonyeza.

Leya (matabaka ya mchoro) 0 na Defpoints zimegoma kufutika.

Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Leya 0 ni ya programu, haifutiki. Defpoints imeletwa na vipimo ulivyoweka. Ziache.

Bloku ya mlango haimo kwenye orodha ya kusafishwa, na mlango wenyewe siuoni. (Uvinza)

Upo. Angalia leya zilizozimwa au kugandishwa, angalia kurasa za kuprintia, kisha angalia ndani ya bloku nyingine, maana choo mara nyingi huletwa kizima pamoja na mlango wake. Tangu toleo la 2020, dirisha la PURGE lina upande unaoonyesha visivyosafishika na sababu yake.

Na tafadhali, usikimbilie kulipua kila kitu. Milango 12 ya bloku moja unaihariri mara moja na yote inabadilika. Ukiilipua, utaihariri mmoja mmoja, na wa kumi na mbili utausahau.

Nimesafisha vyote, bado faili ni zito.

Andika -PURGE, ukianza na kistari, kisha R. Hapo unaondoa majina ya programu nyingine yaliyosajiliwa ndani ya faili, ambayo hurundikana mchoro unapopita mikononi mwa watu wengi. Malizia na AUDIT, amri ya kukagua na kurekebisha makosa ya faili.

Nina kiolezo changu cha kuanzia kazi. Nacho nikisafishe? (mwanafunzi, Kigoma mjini)

Usithubutu! Leya za umeme na maji, mtindo wa vipimo, mtindo wa maandishi, bloku za milango: ndani ya kiolezo vyote hivyo havijatumika bado, na PURGE itavizoa vyote. Kama umeshafanya hivyo na faili bado liko wazi, andika U sasa hivi, kabla hujalifunga.

Lakini swali lako limenifurahisha, kwa kuwa wewe angalau una kiolezo. Weka humo fremu tupu isiyo na jina la mtu, kihifadhi kama DWT, yaani faili la kiolezo, na kila kazi mpya ianzie hapo. Ukihitaji kitanda, kilete kitanda kimoja kutoka maktaba yako. Usifungue ramani ya jirani ukanakili chumba kizima, maana utarudi na leya na bloku zote zilizotumika kwenye chumba hicho.